MWALIMU WA BUSTANI MTAANI

Kijana wa Mbagala au Tandale atakaye kuwafundisha jirani zake kilimo cha mboga, bila ya ujira ila ule wa Mola wake, na aanzie wapi? Wengi hudhani ataanzia katika daftari. Sisi twaona aanzie katika tuta moja la mchicha, alihudumie mwenyewe tangu kusia mbegu hata kuvuna. Muda wake ni mfupi, wiki tatu hadi nne tu, na kosa huonekana upesi: samadi mbichi huunguza miche, na udongo wa kichanga haushiki maji mpaka uchanganywe na mboji.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1989 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliianzisha Indonesia katika mashamba ya mpunga, nasi leo twaiita shamba darasa. Wakulima hukutana kila wiki katika shamba moja msimu mzima, wakatazama mmea, wadudu na udongo, kisha wakaamua pamoja. Mwezeshaji huuliza zaidi ya kuhubiri. Hapa Dar es Salaam, mwaka 1993, Wizara ya Kilimo kwa msaada wa Ujerumani ilianzisha mradi wa kukuza kilimo cha mboga mjini. Basi kijana asijione ndiye wa kwanza. Amwendee bwana shamba au bibi shamba wa kata yake, aandamane naye. Tena awasikilize akina mama waliolima matembele uani kabla yeye hajazaliwa. (Asiyeweza kunyamaza mbele ya mama hao, kazi hii haimfai.)

Lililo zito ni maji. Mto Msimbazi hupokea taka za viwanda na za majumbani, na wako wanaomwagilia mboga kwa maji yake. Kupika huua vijidudu. Madini ya risasi hayaondoki kwa moto. Mwenye kujifunza ualimu huu na alijue hilo kwa hakika. Lakini atamwambiaje mjane ambaye tuta hilo ndilo sare na madaftari ya wanawe? Kumkataza kisha kwenda zake ni rahisi mno, nasi hatuuiti huo ualimu. Na akae naye, watafute kisima cha jirani. Wakikikosa, wafikiri juu ya miche ya maua na ya miti ya kivuli, isiyoliwa na mtu, ambayo huuzwa kando ya barabara nyingi za mji huu. Na hesabu ya mapato waifanye papo hapo, mbele yake, kwa shilingi.