Kinyama Hakisubiri Zamu

Safu ya Mtazamaji

Saratani ya midomo na kinywa, ambayo kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani iliwapata watu zaidi ya 377,000 duniani mwaka 2020 na kuua zaidi ya 177,000, haianzi kwa kishindo. Kwa sehemu kubwa huchipuka katika seli bapa, yaani seli nyembamba zilizopangana tabaka juu ya tabaka kufunika ulimi, sakafu ya kinywa na mashavu kwa ndani, na mara nyingi hutanguliwa na baka jeupe au jekundu lisilouma ambalo huweza kukaa miaka kabla ya kugeuka. Muda huo ni akiba ya mgonjwa, na sehemu isiyo ndogo ya akiba hiyo hutafunwa na mpangilio mbovu wa watumishi wa hospitali.

Elimu ya seli yenyewe imekwenda mbali. Kemikali za tumbaku, hasa zile ziitwazo nitrosamini, hunata kwenye DNA na kuacha makosa ambayo seli huyarithisha kila inapojigawa. Jeni ya TP53 hutoa protini yenye kazi ya kuisimamisha seli yenye dosari mpaka irekebishwe, au kuiamuru ijiue. Jeni hiyo ikiharibika, kama ionekanavyo katika saratani nyingi za kinywa za watumiaji wa tumbaku, mlinzi huyo hayupo tena na makosa huzaana. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake huko Marekani, baada ya kuchunguza wagonjwa 783, walieleza kuwa hata utando unaouzunguka uvimbe, ingawa kwa macho ni mzima, huwa umekwisha kubadilika, na ndiyo sababu mgonjwa aliyekatwa uvimbe mmoja huweza kuota mwingine kando yake.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hii. Mwaka 1952 tabibu aitwaye Schwartz alieleza hali ya kukakamaa kwa kinywa aliyoiona kwa wanawake watano wa Kihindi waliokuwa Kenya. Hali hiyo leo inahusishwa na popoo, ile kokwa ya ndani ya tambuu, ambayo kiini chake cha arekolini huchochea seli zinazotengeneza nyuzi za kolajeni mpaka shavu linakuwa gumu na mdomo haufunguki vizuri. Na kinywa kilichofikia hapo kimo katika hatari ya saratani.

Hata hivyo, ujuzi wote huo hupita katika tundu moja jembamba, nalo ni kinyama, yaani kipande kinachokatwa kinywani ili kipimwe. Kipande hicho, ambacho aghalabu hakizidi punje ya hindi, hutakiwa kuingia mara moja katika formalini yenye ujazo wa angalau mara kumi ya ujazo wake, kwa kuwa seli zikicheleweshwa huanza kujimeng'enya zenyewe. Kisha huondolewa maji, huzamishwa katika nta ya parafini, hukatwa kwa unene wa mikroni tatu hadi tano na kutiwa rangi, viini vya seli vikatoka samawati na vinavyovizunguka vikawa vya waridi, ndipo daktari wa patholojia aangalie kama seli zimetoboa utando wa msingi, yaani mpaka unaozitenga na nyama ya chini. Ni kazi ya siku chache. Lakini mteknolojia pekee anayejua kukata nta akienda likizo bila mbadala, au majibu yakilala kabatini kwa kuwa hakuna aliyepewa jukumu la kumpigia mgonjwa simu, siku hugeuka wiki. Mashine mpya huzinduliwa kwa picha na hotuba. Ratiba ya zamu haina utepe wa kukata.

Kwamba suala ni watu na namna wanavyopangwa, ushahidi upo Kerala, India. Kuanzia mwaka 1996 watafiti wakiongozwa na Rengaswamy Sankaranarayanan waliwafundisha wahitimu wa vyuo ambao hawakuwa matabibu kukagua vinywa vya watu wa miaka 35 na zaidi kwa macho tu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha vifo vya saratani hiyo vimepungua kwa asilimia 34 miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Kwa wasiotumia faida haikuonekana, na si wote walioambiwa waende hospitali walikwenda, jambo linaloonyesha kuwa kukagua bila kufuatilia ni nusu ya kazi.

Kwa hiyo daftari la vinyama linahitaji safu tatu zisizoachwa wazi: tarehe ya kukatwa, tarehe ya kusomwa na tarehe mgonjwa alipoambiwa. Na pengo kati ya ya kwanza na ya tatu, likizidi wiki mbili, ajieleze mganga mfawidhi aliyepanga zamu, si mteknolojia aliyekuwa likizo.