Mgeni Mpe Jembe: Ustahiki wa Mchezaji na Swali la Makongeni

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shuleni tulifundishwa methali hii kama onyo kwa mgeni asiyejua kuondoka. Aghalabu tunausahau upande wake wa pili. Mgeni aliyekabidhiwa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wakulima wa shamba lile; jembe lake ni kazi, na pia ni ruhusa ya kukaa na kuvuna. Makala haya yanakusudia kuitazama methali hiyo kwa jicho la mpenzi wa raga. Hoja yangu ni kwamba katika pwani ya kusini ya Kenya, kanuni za mchezo kuhusu nani anastahiki kuichezea nchi zimekuwa wazi na karimu kuliko mazoea ya ofisi zetu kuhusu nani anastahiki kuitwa mwananchi. Anayebishana juu ya hilo la kwanza hana budi kulisemea na hili la pili.

Chanzo cha fikra hizi ni mazungumzo ya barazani Ukunda, karibu na njia iendayo Diani, mahali ambapo jioni huuzwa kahawa chungu na kashata. Mchezo unaotawala mabaraza ya Kwale ni kandanda, lakini kuwapo kwa klabu ya South Coast Pirates huko Diani kumewafanya vijana kadhaa wauzoee mpira wenye umbo la yai. Jioni hiyo walikuwa wakiijadili timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, Shujaa. Mmoja alilalamika kwamba timu iliyotwaa ubingwa wa Singapore mnamo tarehe 17 Aprili 2016 kwa kuilaza Fiji 30-7 haikustahili kushushwa daraja mwaka wa 2023, hata kama ilipanda tena 2024. Kwa maoni yake, wachezaji waliteuliwa kwa majina yao ya zamani badala ya kiwango chao cha sasa. Wa pili alidai kwamba wateuzi hawaoni mbali zaidi ya klabu za Nairobi, Nakuru na Kakamega. Wa tatu alikuja na dawa yake: watafutwe Uingereza vijana ambao nyanya zao ni Wakenya, wavishwe jezi yetu.

Hapo ndipo mzee mmoja, ambaye hadi wakati huo alikuwa akinywa kahawa yake kimya, alipouliza: "Wanangu, mtoto aliyezaliwa Makongeni, wa baba na mama waliozaliwa papo hapo Makongeni, huyo kanuni zenu zamwitaje?"

Baraza zima lilinyamaza. Nami sikuwa na jibu. Nilikwenda kulitafuta, na nililolipata ndilo linalonishurutisha kuandika.

Tuanze na kanuni zenyewe. Katika Kanuni ya 8 ya Shirikisho la Raga Duniani, mchezaji anaweza kuichezea nchi ikiwa amezaliwa humo, au ikiwa mmoja wa wazazi au wa babu na nyanya zake alizaliwa humo, au ikiwa ameishi humo mfululizo kwa muda uliowekwa. Muda huo ulikuwa miezi 36; tangu mwaka wa 2022 ni miezi 60, na aliyeishi nchini kwa jumla ya miaka 10 pia anakubalika. Tena, tangu mwaka huo wa 2022, mchezaji aliyekwisha kuichezea nchi moja anaweza kuhamia nyingine mara moja tu maishani, baada ya kukaa miaka mitatu bila kucheza mechi ya kimataifa, mradi nchi anayohamia iwe ndipo alipozaliwa yeye, mzazi wake au wazee wa mzazi wake.

Msomaji atagundua kwamba masharti hayo hayataji kitambulisho wala pasipoti. Yanauliza ulizaliwa wapi, wazee wako walizaliwa wapi, na umekaa wapi. Nyanya wa upande wa mama ana uzito sawasawa na babu wa upande wa baba. Jambo hili halitamshangaza Mdigo yeyote anayejua kwamba katika jadi ya watu wake ukoo na urithi vilihesabiwa upande wa mama, mpwa akimrithi mjomba wake. Aidha, kwa mwenyeji wa Vanga au Lunga Lunga ambaye nyanya yake alizaliwa upande wa Tanga, kanuni hizi zinatambua uhalisi ambao mpaka wa kikoloni uliupuuza: kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na mizizi katika pande mbili za mstari.

Sasa turudi Makongeni. Kijiji hiki cha Msambweni ni miongoni mwa makao ya Wamakonde wa Kwale. Asili yao ni kaskazini mwa Msumbiji. Walianza kufika enzi ya ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, yakiwamo yale ya Ramisi. Wengine walifuata baadaye wakikimbia vita vya ukombozi vya nchi yao vilivyoanza mwaka wa 1964. Jembe, basi, walipewa tangu siku ya kwanza. Walilima, wakachonga vinyago ambavyo watalii wa Diani wamevinunua kwa miaka na miaka, wakaoa na kuozesha, wakazaa na kuzika hapa hapa. Hata hivyo Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963, wao walibaki nje ya daftari.

Kukosa kitambulisho si jambo la fahari iliyopunguka tu. Asiye nacho hawezi kufungua akaunti ya benki wala kuandikisha laini ya simu kwa jina lake. Hawezi kupiga kura. Akisimamishwa na askari barabarani hana la kuonyesha. Mtoto wake hupata shida ya cheti cha kuzaliwa, hati ambayo shule huidai anapoandikishwa kwa mitihani ya taifa. Na bila shaka hawezi kupata pasipoti.

Mnamo Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari ya kutoka Kwale hadi Nairobi kuomba watambuliwe. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo, na wakaja kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa mwambao wetu, wavuvi ambao wazee wao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba, walingoja hadi Julai 2023 ndipo Rais William Ruto akatangaza kuwatambua.

Jibu la swali la mzee ni hili basi, na halina budi kutustaajabisha. Kwa kanuni za raga, mtoto yule wa Makongeni alikuwa Mkenya siku aliyozaliwa. Kwa ofisi zetu, hakuwa Mkenya hadi mwishoni mwa mwaka wa 2016. Angaliweza kuwa na mbio kuliko vijana wote wa kaunti, lakini angaliishia kwenye dawati la uhamiaji. Ushindi ule wa Singapore ulipatikana Aprili 2016. Wakati taifa lilipokuwa likishangilia, kijana huyo hakuwa na haki ya kupanda ndege iliyowapeleka wachezaji huko. Michezo ya Olimpiki, ambayo raga ya wachezaji saba iliingia mwaka huo huo mjini Rio de Janeiro, inaongeza sharti jingine: Mkataba wa Olimpiki unamtaka mchezaji awe raia wa nchi anayoiwakilisha.

Pengo la namna hii kati ya mchezo na dola halikuonekana kwetu pekee. Tendai Mtawarira, aliyezaliwa Zimbabwe, aliichezea Afrika Kusini kuanzia mwaka wa 2008 kwa sababu kanuni za ukaazi zilimruhusu. Mwaka wa 2010 wanasiasa wa huko waliuliza ni vipi mtu asiye raia anavaa jezi ya taifa, na nafasi yake ikawa mashakani hadi alipopewa uraia mwaka huo huo. Mwaka wa 2019 alikuwa katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia. Mtawarira alikuwa na bahati ya kuwa mashuhuri. Taifa zima lilimwona, kwa hiyo karatasi zake zilishughulikiwa. Kijana wa Makongeni hana mashabiki wa kumpigia kelele, na hatakuwa nao kamwe ikiwa hawezi kufika mahali pa kuonekana.

Hapa ndipo mabishano ya kiwango na uteuzi yanapokutana na suala la uraia. Tunazungumza juu ya kiwango kana kwamba ni kipawa ambacho mtu huzaliwa nacho. Kiwango hujengwa kwa mechi, na mechi zataka safari, malazi, bima, mshahara na mkataba. Kila kimoja kati ya hivyo chahitaji mtu mwenye jina linalotambulika kisheria. Mteuzi anayedai kwamba amechagua walio bora amechagua walio bora miongoni mwa walioweza kufika mbele yake. Kwa kijana wa pwani ya kusini umbali wa viwanja vya bara ni kikwazo kimoja; mashindano ya Driftwood huko Mombasa ni nafasi ya siku chache tu katika mwaka mzima. Kwa kijana asiye na hati, hata nafasi hiyo ina mwisho wake.

Najua kwamba wapo watakaonipinga. Watasema kwamba uraia ni jambo zito kuliko mchezo, na kwamba tukilegeza masharti jezi ya taifa itauzwa. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka wa 2003 Mkenya Stephen Cherono aligeuka kuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na muda mfupi baadaye akaipatia nchi hiyo mpya dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia mjini Paris. Wengi wetu tulihuzunika. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kule, jembe lilitolewa kwa mtu ambaye hakuwa amelima. Huku, watu wamelima kwa zaidi ya miaka 60 bila kupewa fungu la mavuno. Raga yenyewe ilipoona ukaazi unatumiwa vibaya, iliongeza muda kutoka miezi 36 hadi 60. Haikuwaambia waliokwisha kukaa kwamba kukaa kwao si kitu.

Wengine watasema kwamba sheria zetu tayari zinatosha. Ni kweli kwamba Katiba ya 2010 imempa mama haki sawa na baba ya kumrithisha mtoto uraia, na kwamba inamruhusu aliyeishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo kuomba uraia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 nayo iliwafungulia mlango wasio na uraia wowote walioishi hapa tangu tarehe 12 Desemba 1963. Kasoro haikuwa katika maandishi pekee. Ilikuwa katika safari ya kutoka kwenye maandishi hadi kwenye dirisha la ofisi. Miaka mingi kijana wa kaunti za mpakani aliweza kudaiwa hati za babu yake kabla ya kupewa kitambulisho chake mwenyewe. Tazama kinaya hiki: raga inamuuliza mchezaji habari za babu ili ipate sababu ya kumwingiza, ilhali afisa aliuliza habari za babu na kupata sababu ya kumzuia. Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir kwamba uchujaji huo wa ziada uondolewe. Tangazo ni jambo jema, ila kitambulisho hakiandikwi na tangazo.

Tufanyeje, basi? Kwanza, wateuzi na makocha waje Kwale, na wasingoje Kwale iwafuate. Pili, klabu na shule za Msambweni, Ukunda na Lunga Lunga zianze kuulizia cheti cha kuzaliwa mchezaji akiwa na miaka 13 au 14, wakati ambapo kasoro inaweza kurekebishwa, badala ya kungoja mwaliko wa timu ya taifa. Tatu, na hili linatuhusu sisi wanachama wa chama hiki moja kwa moja: Kifungu cha 7 cha Katiba kimeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tuandike kwa Kiswahili sanifu na chepesi maelezo ya jinsi ya kuomba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na uraia, tuyapeleke Makongeni na Shimoni, na tukae na watu kuyasoma. Tuitafsiri na Kanuni ya 8, ili mabishano ya barazani yawe na maandishi ya kushika mkononi. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili hakithaminiwi na serikali. Hapa tuna kazi ambayo haihitaji idhini ya waziri.

Niliporudi Ukunda kumpelekea mzee jibu lake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tu kama maneno hayo yameandikwa mahali ambapo mjukuu wake anaweza kuyasoma. Nilimjibu kwamba bado. Jawabu hilo ndilo lililonitia haya, na ndilo ninalowaachia wenzangu wa chama.