Tusisubiri Gari Likamilike

Wiki iliyopita feni ya Pijo yangu ilikamata. Boneti ilikuwa wazi, injini inanguruma, mshale wa joto unapanda. Mara nikasikia mlio mdogo wa sumaku ikivuta, na upepo ukanipiga usoni. Nilipiga kigelegele hadi vijana wa mashine yangu ya kusaga wakatoka mbio na unga mikononi, wakidhani mtu ameumia.

Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, akaja akaniuliza kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, kwani gari limepona?"

"Bado, baba."

Ni kweli halijapona. Breki moja ya nyuma inang'ang'ania, mlango wa abiria naufunga kwa kamba, na sakafu upande wa kulia imeliwa na kutu mpaka barabara inaonekana. "Basi subiri lipone," akasema, "ndipo tuchinje kuku." Alisema kwa nia njema, na najua wasomaji wengi wangeniambia vivyo hivyo. Mimi nasema kuku achinjwe sasa.

Nieleze kwanza kilichotokea, maana asiyekijua hawezi kuielewa furaha yangu. Gari langu ni pikapu ya Peugeot 404, aina iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Injini yake ya lita 1.6 imelazwa ubavu kwa nyuzi 45. Gia unabadilisha kwa mkono ulio pale pale kwenye usukani. Feni yake nayo haizunguki muda wote. Injini ikiwa ya baridi, feni inaachiwa. Maji ya rejeta yakipata moto, swichi inapeleka umeme kwenye sumaku, sumaku inavuta, feni inaanza kazi. Umeme huo unapita kwenye kipande kidogo cha kaboni kinachosugua pete inayozunguka, na kaboni ikiisha, feni haikamati tena. Kabla gari halijafika kwangu, fundi mmoja alikuwa amekaza skrubu ili feni izunguke moja kwa moja. Gari lilitembea, lakini kwa kelele nyingi, likila mafuta mengi kuliko inavyopaswa.

Kaboni hiyo huipati Bariadi. Mwanza nilizunguka maduka ya spea na kila muuzaji alinipa jibu lile lile. Aliyeniokoa ni kijana wa gereji hapa hapa Dutwa, kijana aliyezaliwa gari hili likiwa tayari limezeeka. Alichomoa kaboni kwenye altaneta mbovu ya yale magari madogo ya abiria tunayoyaita michomoko, tukaisugua kwa msasa, tukaijaribisha, tukaisugua tena, hadi ikaingia bila kubana. Kisha tukalegeza skrubu na kurudisha ule upenyo mwembamba unaotakiwa kati ya sumaku na feni. Kitu kilichobuniwa na wahandisi wa Ufaransa zaidi ya miaka 60 iliyopita kimefanya kazi tena kando ya barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, kwa mikono ya mtu ambaye hajawahi kuona kitabu cha gari hilo. Asiyeona ushindi hapo anataka aone nini?

Gari la zamani halina siku ya kukamilika. Ukimaliza breki, klachi inaanza kuteleza. Ukimaliza klachi, maji yanavuja. Anayelipenda gari la namna hii kisha akaiahirisha furaha yake mpaka kila kitu kiwe sawa, ameiahirisha moja kwa moja. Nimewaona watu wakiuza magari mazuri kwa wakata vyuma kwa sababu hiyo tu. Fedha walikuwa nazo na mafundi walikuwapo. Kilichowachosha ni kukaa miaka wakitazama kilichobaki, bila hata siku moja ya kufurahia kilichokwisha tengenezwa.

Wanaodhani kufika tu ni jambo dogo nawarudisha kwenye Safari Rally. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na yaliyomaliza yakawa 7 tena. Miaka yote miwili gari lililoongoza lilikuwa Peugeot 404, ndani yake wakiwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Na katikati hapo, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikuja kwetu Tanzania: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell, kwa 404 vilevile. Historia imewashika washindi, lakini imewashika pia wale saba wa kila mwaka, wote, hata aliyefika wa mwisho. Walipita kwenye matope ya udongo mweusi kama huu wetu wa mbugani, ule unaoganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Kwa dereva wa namna ile, kila mto uliovukwa na kila kituo kilichofikiwa injini ikiwa bado hai kilikuwa na ushindi wake.

Sisi Wasukuma hatukupaswa kufundishwa jambo hili na mtu yeyote. Tazama bugobogobo. Ngoma inapigwa jembe likiwa ardhini. Watu wanalima, wanarusha majembe juu na kuyadaka, wanaimba, na wakati huo mbegu haijapandwa, mvua haina uhakika, bei ya pamba haijatangazwa. Wazee wetu hawakungoja marobota yafungwe ndipo ngoma ilie. Waliona tuta lililokwisha kulimwa linastahili wimbo wake, na wimbo huo ndio uliowapa nguvu ya kuanza tuta linalofuata.

Leo sherehe ya gari tumeiacha kwa gari lililoshuka bandarini kutoka Japani, viti vikiwa bado na nailoni. Keki inakatwa, picha zinapigwa, mchungaji anaombea. Sina kinyongo na hilo, nami huenda na zawadi nikialikwa. Ila mtu aliyekaa chini ya gari kuukuu jioni nyingi hadi stata ikaitika, anajifuta grisi na kwenda kulala kimya kimya.

Ukimya huo una sababu yake, na tuiseme wazi: watu wanaogopa kijicho. Tumelelewa tukiambiwa usitangaze jambo kabla halijaisha. Nauelewa woga huo, lakini kwenye magari unatugharimu. Siku feni ilipokamata, kigelegele changu kilimfikia mwalimu mmoja mwenye Corolla ya miaka ya themanini. Alikuja kuangalia, akaishika ile kaboni mbovu, akaigeuza vidoleni, akasema, "Mama, hata stata yangu nadhani inaumwa ugonjwa huu huu." Kesho yake jioni yeye na yule kijana wa gereji waliifungua. Kweli, kaboni zilikuwa zimeisha. Mwalimu alikuwa akisukumiwa gari na wanafunzi kila asubuhi, na dawa ilikuwa umbali wa kutembea kwa mguu. Ningenyamaza, angesukumiwa mpaka leo.

Kuhusu fedha sibishani sana. Karo kwanza, mbegu na chakula kwanza, kisha ndipo gari. Ila anayeniambia nitafute bodaboda ya biashara badala ya kulisha chuma kizee, hamwulizi mwenzake analipa kiasi gani kusafiri kutazama mpira Mwanza. Moyo nao una chakula chake. Tena yule kijana wa gereji sasa anajua kitu ambacho sina hakika kama kuna fundi mwingine njia hii anakijua, na alijifunza kwa gharama yangu, nami nimefurahi kulipa.

Kusherehekea magari hadharani kunawezekana: mwezi Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Mamia ya magari yalipanga msafara, mapya na makuukuu, na nchi nzima ikatazama. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, hasa nilipoyaona yale ya zamani yenye bodi ya viraka. Lakini Arusha ina watalii na kampuni zao. Sisi wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, tuna uwanja wetu. Viwanja vya Nyakabindi, humu humu Bariadi, vilibeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018 na miaka miwili iliyofuata. Kila Agosti watu wanajua maana ya kwenda kwenye maonesho: unapeleka ulichokivuna, wenzako wanakitazama, wanauliza umekilimaje.

Nawaomba wanaopanga maonesho ya wilaya na mkoa watupe kona moja na alasiri moja. Tusishindanie gari zuri kuliko yote, kwa sababu shindano hilo mwenye fedha ameshalishinda akiwa nyumbani. Gari liingie lenyewe, kwa injini yake au kwa kusukumwa na marafiki, na kila mwenye gari aulizwe swali moja tu: tangu mwaka jana umetengeneza nini? Aoneshe mbele ya watu. Kama ni honi, ipigwe. Kama ni kioo cha dirisha, kipandishwe na kushushwa. Aliyerekebisha pampu ya mafuta aeleze mpira wake aliukata kwenye nini, na vijana wa gereji wakae mbele kabisa, kwenye viti, wapate kuuliza.

Waamuzi wawe mafundi wazee, wale waliofunga na kufungua magari ya vyama vya ushirika enzi za malori ya pamba. Zawadi iwe galoni ya oili kwa kila aliyefika na kitu cha kuonesha. Kisha majina yasomwe kwa kipaza sauti, kila jina na kazi yake: fulani wa Nkololo, indiketa zinawaka, fulani wa Sapiwi, breki imeshika, fulani wa Ngulyati, gari limewaka kwa ufunguo bila kusukumwa, mama wa mashine ya kusaga wa Dutwa, feni imekamata. Na baada ya kila jina, ngoma ipigwe.