SIMU TUNAYO, KITABU KIKO WAPI?

Ndugu wanakijiji na wanaushirika,

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 wilaya 6 zikapewa kazi ya kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Dar es Salaam na Pare yetu, wakati huo Same na Mwanga bado ni wilaya moja. Wazee wetu walisoma chini ya miti na kwa taa za koroboi. Hata mimi ninayeandika hapa ni zao la darasa la watu wazima. Lakini kujua kusoma bila kitabu ni sawa na ndiva bila maji. Mtu husahau.

Leo shida yetu ni bei na njia. Kitabu kiko mjini. Ukilipa nauli ya kushuka Same na kurudi, au kufika Moshi, nauli inaweza kupita bei ya kitabu chenyewe. Mtu anasema basi, bora ninunue sukari. Hatumlaumu.

Sasa njia imefupishwa. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao, na vitabu vya kiada vya shule vinasomwa humo bure. Kwa watoto wadogo iko programu ya African Storybook, ya shirika la Saide la Afrika Kusini. Ina hadithi za picha kwa Kiswahili, bure, na ukishazipakua unasoma hata pasipo mtandao. Na kitabu cha kununua, uliza bei kwa simu maduka mawili matatu kabla hujapanda gari.

Wapo wanaosema simu inaharibu watoto. Inaweza. Lakini jembe nalo hukata mguu, na hatujaacha kulima tangawizi. Wengine wanasema bando ni ghali, na simu za kisasa hatuna. Hilo ni kweli, na dawa yake ni msaragambo. Ndiva haikuchimbwa na mtu mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza kwenye mkutano wa ushirika:

1. Inunuliwe simu moja ya ushirika, ikae kwa mtunza stoo, na kila anayeichukua aandikwe daftarini.
2. Anayeteremka Same kwa shughuli za ushirika apakue vitabu huko huko, bando lilipwe na mfuko wetu.
3. Mara mbili kwa wiki, jioni, mmoja asome kwa sauti ofisini, wazee na watoto wasikilize.
4. Kila kaya 5 zichangie kitabu kimoja cha karatasi, kizunguke. Simu huisha chaji.

Tahadhari: kitabu kinachouzwa tusirushiane kwa wizi simu hadi simu. Kalamu ndiyo jembe la mwandishi, na mavuno ya mwenzio hayachumwi usiku.

Anayepinga aje apinge mkutanoni, siyo kilabuni. Anayekubali aje na mchango wake mkononi.

Elimu haina mwisho.

Katibu wa Tawi