Barabara Inapanuka, Foleni Nayo Inanenepa
Juzi jioni nilitumia saa nzima kutoka Mwenge hadi Lugalo, hapa Dar es Salaam, mwendo ambao mwenye miguu mizima angeumaliza na soda akanywa. Barabara ya Bagamoyo inachimbwa kupisha njia ya mabasi ya mwendokasi, nasi tumebanwa pembeni kwenye vumbi. Bango la mchepuko limesimikwa pale pale unapotakiwa kukata kona, ukiliona, umeshapita. Daladala zikaanza kutanua, kila aliyetanua akarudi kuziba mbele, na muuza korosho aliyenikuta Mwenge akanipita, akauza, akanirudia: “Bosi, bado upo?” Sipingi ujenzi. Naikumbuka Ubungo kabla ya Daraja la Kijazi kufunguliwa mwaka 2021. Pale tulizeekea kwenye taa. Na mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, tulishangilia. Lakini jiji halisubiri lami ikauke: tukimaliza njia moja, watu wameshajenga Madale, Goba na Bunju, na kazi zao bado ziko Posta na Kariakoo. Barabara pana ikijazwa magari mengi zaidi, tumepanua foleni tu. Kinachotakiwa ni mabasi ya kutosha, na ofisi, masoko na hospitali viwafuate watu huko walikohamia. Tukiwa tunasubiri hayo, basi mkandarasi atuwekee bango mita 200 kabla ya kona. Hilo halihitaji mkopo.