LCM si ya Kengele, ni ya Madeni

Mnaoikumbuka darasa la sita, nyoosheni mikono. Kengele tatu: moja inalia kila dakika 15, nyingine kila dakika 20, ya tatu kila dakika 30. Zimelia pamoja saa mbili asubuhi. Zitalia tena pamoja saa ngapi? Tukatafuta LCM, tukapata 60, tukaandika saa tatu, mwalimu akaweka tiki. Kesho yake tumeshasahau.

Hizo kengele tatu sijawahi kuziona popote. Na ile ya mabasi yanayotoka steji kila dakika 20 na kila dakika 30 ndo ilikuwa mbaya zaidi. Huku Mtwapa, matatu inatoka ikijaa! Basi nikajiambia LCM ni hesabu ya mtihani tu, maishani haina kazi. Hiyo dharau ilinigharimu, na aliyelipa ni mamangu.

Mama anauza viazi karai. Mwaka jana aliingia chama kinachochanga 2,000 kila siku 10. Siku ileile ya mchango wa kwanza, akachukua mkopo kwa kampuni fulani, wa kulipa 3,500 kila siku 14, mara nane. Kabla hajatia sahihi akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye umesoma. Hizi siku mbili zitanigongana?"

Nikajibu haraka kama mtaalamu: "10 mara 14 ni 140. Mkopo unaisha siku ya 112. Hazikutani, mama. Tia sahihi."

Akatia.

Siku ya 70 zikakutana. Hesabu mwenyewe: chama ni 10, 20, 30, 40, 50, 60, 70. Mkopo ni 14, 28, 42, 56, 70. Mama alikuwa na 3,000 ndani ya kopo, na 5,500 zinatakikana kabla ya jioni. Zilizobaki akakopa kwa simu, akarudisha na riba. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani zile 140 zilienda wapi?" Heri angenigombeza.

Kosa langu lilikuwa hili: nilizidisha, nikadhani nimemaliza. Kuzidisha kunakupa siku ambayo lazima vitu viwili vikutane, lakini hakukwambii kama vilishakutana kabla. LCM, ambayo vitabu vya Kiswahili huiita Kigawe Kidogo cha Shirika, inajibu swali la mara ya kwanza. Na deni halisubiri mara ya pili.

Kuna wakati kuzidisha kunatosha. Wiki ya jadi ya Wamijikenda ina siku nne, na Jumwa ni mojawapo. Wiki ya kalenda ina saba. Jumwa ikiangukia Jumapili leo, itaangukia Jumapili tena baada ya siku 28, yaani 4 mara 7, kwa sababu 4 na 7 hazina kitu cha kuzigawa zote mbili zaidi ya 1. Lakini 10 na 14 zote zinagawanyika kwa 2. Ukizidisha tu, hiyo 2 unaihesabu mara mbili, ndo maana jibu langu lilikuwa maradufu ya jibu sahihi. Gawanya 140 kwa 2, unapata 70. Kazi ya sekunde tatu.

Najua kuna mtu ataniambia, "Si mngeweka alama kwa kalenda tu?" Sawa, kalenda ingetuonyesha. Hata kuorodhesha vigawe kwa karatasi ni LCM hiyohiyo. Hoja yangu ni kwamba ifanywe kabla ya sahihi, wakati bado una nafasi ya kuongea na afisa wa mikopo.

Na kuongea kunasaidia. Mkopo uliofuata, mama aliomba malipo yaanze siku moja baada ya mchango wa chama. Chama kikabaki siku ya 10, 20, 30. Mkopo ukawa siku ya 1, 15, 29, 43. Angalia: chama ni namba shufwa kila mara, mkopo ni witiri kila mara. Hazikutani kamwe. Zinaweza kufuatana, ndio, lakini katikati kuna mauzo ya siku moja, na kwa mtu wa viazi karai, siku moja ni pesa.

Kwa hivyo walimu wangu, nawaomba kwa heshima zote: KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, tukaambiwa mtaala mpya unajali maisha halisi. Basi kengele tuziache. Mpeni mtoto chama cha mama yake, mkopo wa boda wa mjombake, na tarehe za kuanza zinazotofautiana. Muulizeni: zitagongana lini mara ya kwanza, na ungemshauri afanye nini? Mtoto huyo akirudi nyumbani, ataulizwa swali hilohilo na mtu anayemwamini.

Mimi niliulizwa, nikajibu vibaya kwa sauti ya kujiamini.

Wewe je, una malipo mangapi yanayozunguka? Chukua kalamu sasa hivi, tafuta siku yao ya kwanza kukutana, halafu niandikie hapo chini umepata ngapi.