Tujifunze Kiingereza: Isolation na Quarantine

Maneno mawili ya leo yafanana kama mapacha, na kwa Kiswahili twaweza kuyaeleza yote mawili kwa neno moja tu: kutenga. Lakini mwenye kuyachanganya aweza kumwita mgonjwa mtu ambaye hajaugua.

Wenyeji wa Beni na Butembo wanajua uzito wa jambo hili. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamefariki. Waganga wa mataifa mengi walifika, na maneno yao yalikuwa mazito kwa kila nyumba.

Isolation lina asili katika neno la Kilatini insula, yaani kisiwa. Mgonjwa, au mtu mwenye dalili za ugonjwa, huwekwa peke yake kama aliye kisiwani, asiwaambukize wengine.

Quarantine latoka katika Kiitalia: quaranta ni arobaini. Zamani, huko Venice, merikebu zilizotoka nchi zenye tauni zilingojeshwa siku 40 kabla ya watu kushuka. Si kwamba wote walikuwa wagonjwa. Ilingojewa ijulikane nani mzima. Kwa Ebola hungojewa siku 21, kwa kuwa dalili huonekana kati ya siku ya 2 na ya 21 baada ya kuambukizwa.

Ninyi msomao Kifaransa mtayakumbuka kwa urahisi: isolement na quarantaine ni ndugu zao.

Sasa tazameni sentensi hii: The mother is in isolation, her children are in quarantine. Maana yake, mama anauguzwa mahali pa peke yake. Watoto hawana dalili, ila wanaangaliwa. Ukiandika kwamba watoto wako katika isolation, msomaji atadhani nao wameugua. Habari ikifika kijijini, majirani watawakimbia, hata siku 21 zikiisha salama.

Basi, kabla ya kuchagua neno, ulizeni kwanza: Je, mtu huyu ana dalili, au angojewa tu?

Zoezi. Mwalimu alisafiri katika gari moja na mtu aliyeonekana baadaye kuwa na Ebola. Mwalimu hana homa wala dalili nyingine. Andikeni habari yake kwa Kiingereza, kwa sentensi moja.